Maradhi ya Chonga na Majina Yake: Historia ya Kirusi Kimoja cha Mbawakawa

Katika pwani ya Afrika Mashariki ni nadra kumpata mwenye shamba la minazi asiyemjua chonga. Ni mbawakawa mkubwa, mweusi au wa rangi ya kahawia iliyokoza, mwenye pembe moja kichwani mfano wa kifaru. Huruka usiku, hutua kileleni mwa mnazi, na hutoboa njia kuelekea moyo wa mti, mahali ambapo makuti machanga bado yamekunjwa. Makuti hayo yakifunuka baadaye huonekana yamekatika pande zote mbili kama kwamba yamepitiwa na mkasi. Na chonga akiufikia moyo wenyewe, mnazi hufa. Jina lake latukumbusha kitenzi kuchonga, na mkulima hakuhitaji jina jingine. Wataalamu wa elimu ya wadudu humwita Oryctes monoceros, nao humtenga na ndugu yake wa Asia, Oryctes rhinoceros, ambaye aliingia katika vitabu vya Linnaeus mwaka wa 1758.

Makala haya yahusu maradhi ya ndugu hao wawili, na zaidi yahusu majina ya kile kinachoyaleta. Ni kirusi kilichovumbuliwa mwaka wa 1963, na tangu hapo kimebadilishiwa jina mara kadhaa, kikaingizwa katika ukoo mmoja, kikatolewa, kikakaa bila ya ukoo kwa muda wa miaka ishirini karibu, kisha kikapewa ukoo wake chenyewe. Msomaji wa jarida la lugha aweza kuuliza habari hizi zamhusu nini. Zamhusu kwa sababu kila siku Kiswahili hupokea majina ya sayansi, na waundaji wa istilahi hulazimika kuamua kama jina litafsiriwe maana yake au lichukuliwe kwa sauti yake. Uamuzi huo hauwezi kuwa mwema mpaka ijulikane jina lenyewe ladai nini: je, lasimulia umbo la kitu, au lataja nasaba yake? Sijui mfano uonyeshao tofauti hiyo waziwazi kuliko huu wa kirusi cha chonga.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Katika Kilatini virus maana yake ilikuwa sumu, au utelezi wenye kudhuru, na katika maandishi ya kale ya lugha ile halijapatikana katika hali ya wingi. Wataalamu wa karne ya kumi na tisa walilitumia kwa kitu chochote kiletacho maradhi. Mwaka wa 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alionyesha kuwa maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mabakamabaka huendelea kuambukiza hata baada ya kupitishwa katika chujio lizuialo bakteria. Na mwaka wa 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alisema kwamba kiambukizacho hapo si bakteria mdogo bali ni kitu cha namna nyingine kabisa. Hivyo neno la sumu likaanza kuwa jina la kundi la viumbe. Lilipofika katika Kiswahili lilipambwa kwa irabu ya mwisho, virusi, na silabi yake ya kwanza ikafanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI. Wasemaji wakatoa umoja wake: kirusi. Basi lugha yetu ilianza na wingi ikarudi kupata umoja, kinyume cha Kilatini ambacho kilikuwa na umoja tu. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni kosa. Lakini ndivyo ngeli zifanyavyo kazi yake ya kawaida, kama zilivyofanya kwa kitabu cha Kiarabu kikapata vitabu.

Habari za virusi vya wadudu zina umri mkubwa kuliko neno hilo katika maana yake ya sasa. Wafugaji wa viwavi wa hariri walikuwa wakiona tangu zamani kwamba baadhi ya viwavi hugeuka rangi ya manjano, huvimba, hulegea na kupasuka wakitoa maji mazito. Mwaka wa 1856 Emilio Cornalia na Angelo Maestri, Waitalia wawili, waliyatazama maji hayo kwa hadubini wakaona ndani yake chembe nyingi zenye kung'aa na pande zilizonyooka kama fuwele. Mwishoni mwa karne ile Johann Bolle, aliyefanya kazi mjini Gorizia, alizihusisha chembe hizo na maradhi yenyewe, nazo zikapata jina la poliedra, yaani vitu vyenye pande nyingi. Mwaka wa 1907 Stanislaus von Prowazek alionyesha kuwa maji ya viwavi wagonjwa huambukiza hata yakiisha kuchujwa. Lakini uhusiano wa poliedra na kiambukizi haukueleweka vizuri mpaka hadubini ya elektroni ilipopatikana. Mwaka wa 1947 Gernot Bergold aliziyeyusha poliedra hizo akaonyesha kwamba ni makasha ya protini tu, na ndani ya kasha moja hukaa vijiti vingi vidogo, navyo ndivyo virusi.

Uvumbuzi huo ulikuwa mkubwa, nao uliacha desturi mbili zilizokuwa na faida na hasara pamoja. Desturi ya kwanza ni kutafuta maradhi ya virusi katika wadudu kwa kutafuta makasha, kwa maana makasha huonekana kwa hadubini ya kawaida. Ya pili ni kuainisha virusi kwa sura ya kasha lake: penye pande nyingi huku, penye chembe ndogo za mviringo kule. Hasara ya desturi hii ya pili ilionekana mapema. Mwaka wa 1934 Ishimori wa Japani alieleza poliedra zilizokuwa nje ya kiini cha seli, katika utumbo wa kiwavi wa hariri, na mwaka wa 1950 Kenneth Smith na Ralph Wyckoff walionyesha kwamba ndani ya makasha ya namna hiyo hamna vijiti bali mna virusi vya mviringo. Makasha yalifanana, wenyeji wake wakawa hawana udugu hata kidogo: wale wa vijiti hubeba urithi wao katika DNA, na hawa wa mviringo katika RNA.

Mfano mwingine ulitoka kwa mbawakawa. Mwaka wa 1963 Constantin Vago wa Ufaransa alieleza kirusi kipya katika mabuu ya mbawakawa aitwaye Melolontha melolontha, ambaye kwa karne nyingi alikuwa adui wa mashamba ya Ulaya. Kirusi hicho nacho hukaa katika kasha la protini, lakini umbo lake lilifanana na la kirusi cha ndui ya wanadamu, ambacho hakina kasha. Hatimaye kiliingizwa katika ukoo wa virusi vya ndui, katika tawi la virusi vya wadudu. Mwenye kuainisha kwa kutazama kasha asingaliweza kamwe kuuona udugu huo. Nyumba haikuwa dalili ya ukoo wa mwenye nyumba.

Mwaka uo huo wa 1963, katika nchi ya Malaya, ndipo kilipopatikana kirusi kilichokuwa hakina nyumba kabisa. Ili kufahamu kwa nini kilitafutwa yatupasa kurudi nyuma mpaka visiwa vya Samoa. Mwaka wa 1909, Samoa ya magharibi ilipokuwa chini ya Ujerumani, chonga wa Asia alionekana huko kwa mara ya kwanza, naye alikuwa amesafiri kutoka Ceylon pamoja na miche ya mpira. Huko visiwani hakuwako adui wa kumzuia, na maisha ya watu yalitegemea mnazi kwa chakula, kwa kivuli, na kwa fedha za mbata. Serikali zilizofuatana ziliwalazimu wenyeji kutafuta chonga na mabuu yake katika magogo yaliyooza na katika marundo ya takataka, lakini mdudu aliendelea kuzaa. Kisha akavuka bahari: Wallis mwaka wa 1931, Palau mwaka wa 1942, Fiji mwaka wa 1953. Katika miaka ya 1940 waliletwa Samoa nyigu wa jamii ya Scolia ruficornis kutoka Zanzibar, ambao hutaga mayai yao juu ya mabuu ya chonga. Nyigu hao walistawi katika nchi yao mpya, lakini chonga hakupungua kiasi cha kuwafariji wakulima.

Ndipo ilipoonekana kuwa heri kwenda kutafuta adui mwingine katika nchi za asili za chonga huyo. Alois Huger, mtaalamu wa maradhi ya wadudu aliyefanya kazi Darmstadt, Ujerumani, alikwenda Malaya akachunguza mabuu yaliyokuwa yakifa bila ya sababu iliyojulikana. Bulu lenye afya huwa na weupe mzito wa mafuta mwilini. Hayo yaliyougua yalipoteza weupe huo, mwili ukawa kama kioo cha ukungu, na yakiinuliwa mbele ya taa mwanga ulipenya. Yaliacha kula, yakapanda juu ya uozo walimoishi, yakafa. Kwa hadubini ya kawaida hapakuonekana kasha lolote, na mtafutaji aliyefuata desturi angaliweza kuishia hapo akisema kwamba si maradhi ya virusi. Huger aliendelea mpaka kwenye hadubini ya elektroni, na katika viini vya seli akaona vijiti, kila kimoja urefu wake nanomita 200 hivi na upana wake nanomita 100 hivi, vikielea wazi bila ya kufunikwa. Nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita.

Mwaka wa 1966 Huger alitangaza uvumbuzi wake na kukipa kirusi jina la maneno mawili kwa kufuata desturi ya Linnaeus: Rhabdionvirus oryctes. Rhabdion ni Kigiriki, maana yake kifimbo. Oryctes ni jina la jenasi ya mdudu. Jina hilo lilisema mambo mawili tu, umbo la kirusi na mahali kilipoonekana. Juu ya nasaba halikusema lolote, wala wakati ule hapakuwa na njia ya kuijua.

Kabla majina hayajatulia, kirusi kilikuwa kimekwisha anza kazi. Mwaka wa 1967 K. J. Marschall alikitia katika mashamba ya Samoa. Mabuu yaliyokufa kwa maradhi yalisagwa na kuchanganywa katika marundo yaliyotayarishwa makusudi ili chonga waje kuzalia humo. Kwa muda mfupi maradhi yalionekana hata mahali ambapo hayakupelekwa na mtu. Mwaka wa 1970 na ile iliyofuata kirusi kilipelekwa Fiji, Tonga, Wallis na Mauritius, na baadaye hadi Papua Guinea Mpya na Maldivi. Mahali pengi idadi ya chonga ilishuka, na minazi ikapata tena makuti yaliyokamilika.

Jinsi maradhi yalivyoenea peke yake lilikuwa fumbo, na jibu lake lilipatikana hasa kwa kazi ya Bernhard Zelazny katika miaka ya 1970. Ilidhaniwa kwanza kuwa mgonjwa mwenye maana ni buu. Kumbe chonga mzima ndiye mwenezaji. Kirusi humea katika utumbo wake wa kati, naye hafi mara moja, bali huishi siku za kutosha kuruka kutoka mnazi hata mnazi na kutoka rundo hata rundo. Katika muda huo aweza kutoa pamoja na kinyesi hadi miligramu 0.3 za virusi kwa siku moja, na wenzake huambukizwa wanapokula katika shimo moja au wanapopandana. Jike aliyeambukizwa hupunguza au huacha kutaga. Kwa hiyo njia iliyo bora ikawa kuwakamata chonga wazima, kuwaambukiza, na kuwaachia waende zao.

Hapa ndipo pasipo kasha panapohusu riziki ya mkulima. Virusi vilivyomo katika makasha vyaweza kudumu muda mrefu katika udongo au juu ya majani, na kwa sababu hiyo vyaweza kutengenezwa kama dawa na kunyunyiziwa. Kirusi cha chonga kikiwa nje ya mwili wa mdudu hupoteza nguvu upesi. Atakayekinyunyizia kama dawa atapoteza fedha zake. Atakayempa mdudu akibebe atafaulu. Basi mtu angetarajia kwamba jina la kirusi lingeihifadhi habari hiyo kubwa. Halikufanya hivyo, nasi na tutazame ilikuwaje.

Mwaka wa 1966, mwaka ule ule jina la Huger lilipotangazwa, wataalamu waliokutana Moscow waliunda kamati ya kimataifa ya majina ya virusi. Katikati ya miaka ya 1970 kamati hiyo ilibadili jina lake mwenyewe ikawa kamati ya uainishaji wa virusi, na badiliko hilo si dogo: walikiri kwamba kazi yao haikuwa kutoa majina tu bali kupanga udugu. Uchunguzi wa C. C. Payne, uliotangazwa mwaka wa 1974, ulionyesha kuwa kirusi cha chonga hubeba DNA ya nyuzi mbili, na kwa kuwa kilikuwa kijiti chenye DNA ndani ya kiini cha seli, kilionekana kuwa jamaa ya virusi vya poliedra vya nondo. Kikahamishiwa kwao, kikaitwa Baculovirus oryctes. Baculum ni Kilatini, maana yake fimbo. Hivyo fimbo ya Kigiriki iliondoka ikaingia fimbo ya Kilatini. Maana ya neno haikubadilika, bali dai lake lilibadilika kabisa. Jina la kwanza lilisema kirusi hiki ni kijiti; la pili lilisema ni ndugu wa vijiti fulani.

Udugu huo ulikuwa na mashaka, maana ndugu wote walivaa makasha na huyu mmoja alikuwa uchi. Kwanza aliwekwa katika kikundi cha pembeni cha wasio na makasha, na katika taarifa ya kamati ya mwaka wa 1991 kikundi hicho kilipewa jina la Nudibaculovirinae, kutokana na Kilatini nudus, yaani uchi. Kisha katika taarifa ya mwaka wa 1995 kikundi chote kilitolewa katika ukoo. Kirusi kilichokuwa kimewaponya wakulima wa visiwa vingi kikabaki hakina ukoo katika orodha rasmi. Mimea haikudhurika kwa hilo, lakini elimu ilidhurika kidogo, kwa sababu mtafiti akutanaye na kirusi cha namna hiyo katika mdudu mwingine hakuwa na mahali pa kukiweka wala pa kukilinganisha.

Jibu lilitoka katika kusoma jeni, si katika kutazama umbo. Mwaka wa 2007 ulisomwa urithi wote wa kirusi kimoja cha nyenje, Gryllus bimaculatus, na mwaka huo lilipendekezwa jina nudivirusi kwa kundi zima; mwaka wa 2011 ukatangazwa urithi wote wa kirusi cha chonga, wenye jozi za besi 127,615. Ulinganishaji ulionyesha kwamba virusi hivyo vina jeni ishirini hivi zilizo za asili moja na jeni za msingi za virusi vya poliedra. Kwa hiyo waliovitia katika ukoo ule hawakuwa wamepotea sana, na waliovitoa nao walikuwa na haki: udugu upo, ila ni wa mbali, wa babu na si wa baba. Mwaka wa 2014 ukoo wa Nudiviridae ulikubaliwa rasmi.

Mambo mawili yaliyopatikana pamoja na uchunguzi huo yanastahili kufikiriwa sana na wanaoshughulika na istilahi. La kwanza ni la mwaka wa 2009. Wako nyigu wadogo wa ukoo wa Braconidae ambao hutaga ndani ya viwavi, na pamoja na yai huingiza chembe za kufanana na virusi zinazoudhoofisha ulinzi wa kiwavi. Annie Bézier na wenzake walionyesha kwamba chembe hizo zimetokana na nudivirusi wa kale aliyeingia katika urithi wa nyigu yapata miaka milioni mia moja iliyopita, akawa sehemu ya mwili wao. Hapana jicho lingaliloweza kuuona udugu wa chembe hizo na kirusi cha chonga.

La pili ni la ajabu zaidi kwa mtu wa lugha. Kirusi kimoja cha kamba wa baharini, Penaeus monodon, na kingine cha mdudu aitwaye Tipula oleracea, vilipochunguzwa kwa jeni zake vilionekana kuwa nudivirusi bila ya shaka. Lakini vyote viwili hukaa katika makasha. Basi tunao virusi viitwavyo uchi, navyo vimevaa! Kamati haikulibadili jina kwa ajili hiyo, wala haikuwa na haja, kwa sababu nudi hapo si sifa tena bali ni jina la nasaba. Mtu wa ukoo wa Mrefu aweza kuwa mfupi, wala hatumwambii abadili jina la babu yake.

Sasa turudi pwani kwetu. Katika miaka ya 1980 kirusi hiki kililetwa Tanzania na Shelisheli ili kijaribiwe juu ya chonga wa Afrika. Ilikwisha julikana kwamba chonga huyo naye aweza kuambukizwa, K. Purrini alieleza habari za majaribio ya Tanzania katika makala ya mwaka wa 1989, na C. J. Lomer zile za Shelisheli katika mwaka wa 1986. Lakini haukupatikana ushindi wa kulingana na ule wa Samoa. Kirusi kilikuwa kimezoeana na Oryctes rhinoceros, na huku kilikutana na ndugu yake tu. Mkulima wa Samoa na mkulima wa Bagamoyo walikuwa na mti mmoja, na madhara ya namna moja, na mdudu ambaye jicho la haraka lingemwita mmoja. Lakini hawakuwa na dawa moja.

Pasifiki nako somo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka wa 2007 chonga wa Asia alionekana katika kisiwa cha Guam, na kirusi kilipotiwa humo hakikumpunguza. Uchunguzi wa DNA uliotangazwa na Sean Marshall na wenzake mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba hao ni kabila jingine la spishi ile ile, na kwamba kabila hilo lilikuwa limekwisha fika Papua Guinea Mpya, Hawaii na visiwa vya Solomon. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakitafuta aina za kirusi zitakazoliweza kabila hilo, na wakipima ni kwa kiasi gani kinga yake yatoka kwa mdudu mwenyewe na kwa kiasi gani yatoka katika aina ya kirusi iliyotumiwa. Kwa sura chonga hao hawatambulikani na wenzao. Hapo hata jina la spishi halikutosha. Ilibidi kushuka mpaka kwenye kabila.

Kutokana na historia hii nathubutu kupendekeza mambo matatu kwa watungaji wa kamusi na istilahi zetu. Kwanza, nudivirusi liandikwe hivyo, kwa sauti yake, wala lisitafsiriwe kuwa virusi uchi au virusi visivyo na kasha. Tafsiri hiyo ingelikuwa sahihi katika mwaka wa 1991. Leo ingelimpotosha mwanafunzi atakayesoma habari za kirusi cha kamba. Kanuni yenyewe ni pana kuliko mfano huu: jina la sifa hutafsirika, lakini jina la nasaba hupokewa kama lilivyo, kwa sababu sifa iliyolizaa yaweza kuwa imekwisha liacha.

Pili, pamoja na jina la nasaba pawe na jina la matumizi, nalo ni kirusi cha chonga. Jina hili lamwambia mkulima na bwana shamba jambo wanalolihitaji, wala halibadiliki kamati ikutanapo. Tangu 1966 kirusi kimeitwa kwa fimbo ya Kigiriki, kwa fimbo ya Kilatini, na kwa uchi. Mwaka wa 2021 kamati iliamuru kwamba kila spishi ya virusi iwe na jina la maneno mawili, ikairudia desturi ambayo Huger aliifuata miaka hamsini na mitano kabla. Wakati wote huo kilikuwa kirusi cha chonga.

Tatu, neno chonga lenyewe lipewe maelezo kamili. Kamusi imwelezayo kuwa ni mdudu mharibifu wa minazi haijamaliza kazi, kwa kuwa wako wawili, na tofauti yao ndiyo iliyoamua nani apone na nani asipone. Napendekeza chonga wa Afrika kwa Oryctes monoceros na chonga wa Asia kwa Oryctes rhinoceros. Meli ziendazo huku na huko zaweza siku yoyote kumleta wa pili alipo wa kwanza, kama miche ya mpira ilivyompeleka Samoa. Na siku hiyo mkaguzi wa bandarini mwenye neno moja tu kwa wadudu wawili atamwona mgeni na kumdhania ni mwenyeji.